Amr bin Adi, mfalme wa kwanza wa al-Hira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Amr bin Adi hajulikani sana miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili, ingawa methali zilizotoka kwenye kisa chake zingali midomoni mwa Waarabu hadi leo. Majibu mengine hapa ni marefu kwa sababu kisa chenyewe ni kirefu. Mengine hayahitaji zaidi ya mistari miwili.

Amr bin Adi alikuwa nani?

Alikuwa mfalme wa Kiarabu wa karne ya 3, wa kabila la Lakhm, aliyetawala kutoka al-Hira, mji uliokuwa ukingoni mwa jangwa karibu na Kufa na Najaf ya leo nchini Iraq. Ndiye mwanzilishi wa ukoo wa kifalme ambao wanahistoria wa Kiarabu huuita Bani Nasr, kwa jina la babu yake, au Bani Lakhm. Wafalme wake wa baadaye huitwa pia Manadhira, kwa kuwa kadhaa kati yao walikuwa na jina la Mundhir. Ukoo huo ulishika mpaka kati ya Uajemi na jangwa la Arabuni kwa takriban miaka mia tatu.

Jina lake kwa nasaba ni Amr bin Adi bin Nasr bin Rabia. Asichanganywe na Amr bin al-As, sahaba aliyeifungua Misri, wala na Amr bin Hind, mfalme wa ukoo huohuo aliyekuja karibu karne tatu baadaye.

Aliishi lini?

Nusu ya pili ya karne ya 3, na mwaka 293 au muda mfupi baada ya hapo alikuwa bado hai. Zaidi ya hapo hesabu zinagoma.

Al-Tabari, mwanahistoria mkubwa aliyefariki mwaka 923, anampa utawala wa miaka 118. Katika hiyo, 95 ni ya zama za wafalme wadogowadogo waliogawana Iraq na Uajemi kabla ya dola ya Wasasani, ukoo mpya wa wafalme wa Uajemi, na 23 iliyobaki ni chini ya Wasasani: miaka 14 na miezi 10 ya Ardashir, kisha miaka 8 na miezi 2 ya mwanawe Shapur. Hesabu imepangwa vizuri hadi miezi, na hilo peke yake linatia shaka. Ardashir alimwangusha mfalme wa mwisho wa Waparthi, waliotawala Uajemi kabla ya Wasasani, mwaka 224. Ukiongeza 23 unafika karibu 247, na hapo Amr angekuwa kaburini robo karne kabla ya kuanguka mwaka 272 kwa malkia al-Zabba, ambaye kisa kinasema alikufa mbele yake, na karibu nusu karne kabla ya Narseh, mfalme wa Uajemi aliyelichonga jina la Amr kwenye mnara wake. Wote wawili tutawafikia chini.

Miaka 118 naichukulia kuwa ni kiraka. Waandishi walikuwa na orodha ya wafalme na pengo refu la kuziba, wakamrefushia maisha mtu wa kwanza.

Baba yake alikuwa nani, na aliingiaje katika nyumba ya kifalme?

Kwa kisa cha ulevi, mapenzi na ujanja, kama wasimuliaji wa Kiarabu walivyopenda.

Kabla ya Amr, mfalme mwenye nguvu upande ule wa Mto Frati alikuwa Jadhima, wa Tanukh, muungano wa makabila yaliyohamia Iraq kutoka upande wa Bahrain. Aliitwa al-Abrash, mwenye madoa, na pia al-Waddah, mwenye kung'aa. Inasemekana alikuwa na mbalanga, na watu hawakuthubutu kuutaja kwa jina lake. Kiburi chake kilikuwa cha ajabu: hakukubali kunywa na binadamu yeyote, alikunywa na nyota mbili za kaskazini ziitwazo al-Farqadan. Kila aliponywa kikombe, alimimina kimoja kwa ajili ya hii na kimoja kwa ajili ya ile.

Jadhima alikuwa na masanamu mawili aliyoyategemea vitani. Kabila la Iyad, alilokuwa akilishambulia, likatuma watu wakawalevya walinzi na kuyaiba, kisha likampelekea ujumbe: masanamu yako yamekukasirikia, yamekuja kwetu, ukiahidi kutoturudia tutakurudishia. Jadhima akakubali kwa sharti la nyongeza. Kwa Iyad aliishi kijana mmoja wa Lakhm, mzuri wa sura na tabia, aitwaye Adi bin Nasr. Akataka apewe na huyo.

Adi akafanywa mnyweshaji wa mfalme. Riqash, dada yake Jadhima, akampenda, akamwambia amwombe posa mfalme akiwa amelewa mbele ya mashahidi. Adi akafanya hivyo, mfalme akasema ndiyo, na ndoa ikakamilika usiku uleule. Asubuhi Adi alikuja akinukia manukato ya harusi. Mfalme akauliza, "Manukato gani haya?" Akajibiwa: ya harusi. Ya nani? Ya Riqash. Jadhima akajibwaga chini kwa majuto. Adi hakungoja kusikia zaidi, alikimbia, akarudi kwa Iyad, na huko akafa kwa mshale mawindoni. Riqash akabaki na mimba. Mtoto aliyezaliwa ni Amr.

Angalia kazi inayofanywa na kisa hiki. Utawala ulitoka Tanukh ukaenda Lakhm, yaani nyumba moja iliondoka na nyingine ikaingia. Mabadiliko ya namna hiyo mara nyingi humwaga damu. Kisa kinayageuza kuwa mambo ya familia: mpwa kamrithi mjomba wake, tena mjomba aliyempenda. Ukoo wowote mpya ungefurahi kusimuliwa hivyo.

Kisa cha kidani na majini ni kipi?

Jadhima hakuwa na mrithi wa kiume, akampenda mtoto wa dada yake. Siku moja ya masika aliwatuma watoto wakatafute uyoga wa jangwani, ule uotao chini ya mchanga baada ya mvua. Wenzake kila walipopata mzuri waliula palepale. Amr aliuficha wake, akampelekea mjomba na kusema kwa mashairi kwamba haya ndiyo mavuno yake na yaliyo bora yamo ndani yake, wakati kila mchumaji mwingine mkono wake uko kinywani. Mjomba akafurahi, akaamuru afanyiwe kidani cha fedha. Ndiyo maana huitwa Amr Mwenye Kidani. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliyarudia maneno hayo ya uyoga akiwa mbele ya hazina ya umma, kuonyesha kwamba hakujichukulia chochote.

Kisha majini wakamchukua. Miaka ikapita, akatafutwa pasipo kuonekana. Wanaume wawili, Malik na Aqil, walikuwa njiani kutoka Shamu kumpelekea Jadhima zawadi, wakapumzika kula na kunywa, akawatokea kijana uchi, nywele timtim, kucha ndefu. Walipotambua ni nani walimwosha, wakamvisha, wakampeleka. Mama yake akatoa kidani kile cha utotoni amvike tena, na Jadhima akatamka neno ambalo Waarabu bado wanalitumia: Amr amekua kupita kidani. Husemwa kwa mtu mzima anayefanya au kufanyiwa mambo ya kitoto.

Malik na Aqil waliambiwa waombe wanachotaka. Wakaomba kuwa wanywaji wenzake mfalme. Zile nyota mbili zikapoteza nafasi yao.

Je, Jadhima aliwahi kuwepo kweli?

Ndiyo. Katika magofu ya Umm al-Jimal, kaskazini mwa Yordani, lilipatikana jiwe la kaburi lenye maandishi ya Kigiriki na ya Kinabati, mwandiko wa ufalme wa kale wa Petra. Aliyezikwa ni Fihr bin Sullay, na sifa yake ni kwamba alikuwa mlezi wa Jadhima, mfalme wa Tanukh. Wataalamu wa maandishi ya kale huliweka karibu na katikati ya karne ya 3. Jiwe halisemi kitu kuhusu nyota wala masanamu, lakini jina, cheo na kabila vinalingana na hadithi zilizoandikwa zaidi ya miaka mia tano baadaye. Binafsi naliona jiwe hili kuwa onyo kwa wanaozitupa simulizi zote za kabla ya Uislamu kwenye kapu moja.

Nini kilitokea kati ya Jadhima na malkia al-Zabba?

Jadhima alimuua Amr bin Zarib, mfalme wa makabila ya upande wa Shamu na Jazira. Binti yake, al-Zabba, akakitwaa kiti cha baba yake, na badala ya kumpelekea Jadhima jeshi akampelekea barua: utawala wa mwanamke ni udhaifu, sioni mwingine anayenistahili, njoo unioe tuunganishe nchi zetu.

Jadhima aliwakusanya washauri wake mahali paitwapo Baqqa, ukingoni mwa Frati. Wote wakasema nenda, isipokuwa Qasir bin Saad wa Lakhm. Huyu akasema: kama ni kweli, na aje yeye, ukienda wewe unajitia mikononi mwa mtu uliyemuua baba yake. Jadhima hakumsikiliza. Akamwachia mpwa wake Amr nchi na watu, akaondoka na wakubwa wa jeshi lake. Njiani alipoanza kuogopa akamuuliza Qasir ushauri, naye akamjibu: ushauri uliuacha Baqqa.

Qasir akampa nafasi ya mwisho. Wapanda farasi wa malkia wakitangulia mbele yako, mambo ni salama; wakikuzunguka ubavuni, panda al-Asa ukimbie. Al-Asa alikuwa farasi wa Jadhima ambaye hakuna aliyeweza kumfikia kwa mbio. Walipomzunguka, Jadhima alizibwa njia asimfikie. Aliyempanda ni Qasir, na mfalme akabaki akitazama vumbi likienda.

Al-Zabba hakumchinja. Ilisemekana wafalme hawakatwi shingo ila vitani, na mpiga ramli alimwonya kwamba tone moja likianguka nje ya chombo damu hiyo italipiziwa kisasi. Basi akamnywesha mvinyo, akaleta beseni la dhahabu, akaamuru akatwe mishipa ya mikono. Alipodhoofika mikono ikalegea, matone yakaanguka nje. Malkia akapiga kelele damu ya mfalme isipotezwe. Jadhima akajibu: iacheni damu ambayo wenyewe wameipoteza. Akafa.

Kwetu husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ndiye aliyekataa kusikia.

Amr alilipizaje kisasi?

Kwanza ilibidi awe mfalme. Baada ya habari kufika, watu waligawanyika: wengine na Amr bin Adi, wengine na Amr bin Abd al-Jinn wa Tanukh. Qasir akawapatanisha, na yule wa pili akamkubali mpwa wa Jadhima. Hadithi inapita hapo haraka, ingawa kwa mtazamo wangu hii ndiyo sehemu ya kisiasa kuliko zote. Tanukh walikuwa na mtu wao, wakashindwa kumweka.

Qasir akamwambia Amr ajiandae kulipiza kisasi cha mjomba wake. Amr akauliza atampataje malkia aliye mbali kufikika kuliko tai angani. Qasir akasema: nikate pua, nichape mgongo, uniachie mwenyewe yaliyobaki. Amr akakataa, akisema hastahili kufanyiwa hivyo. Qasir akajikata.

Akaenda kwa al-Zabba na pua iliyokatwa na mgongo wenye alama, akilalamika kwamba Amr anamtuhumu kumsaliti Jadhima. Malkia akamwamini. Qasir akamwomba mtaji afanye biashara Iraq, akarudi na vitambaa, manukato na faida nono. Akaenda tena, akarudi na zaidi. Akawa mtu wa nyumbani, akazijua siri zake, ikiwemo njia ya chini kwa chini iliyotoka kwenye kasri lake hadi ngome ya dada yake ng'ambo ya mto. Malkia huyo hakuwa mjinga: mpiga ramli alimwambia kifo chake kitakuja kwa sababu ya Amr bin Adi, lakini kwa mkono wa malkia mwenyewe, kwa hiyo alimtuma mchoraji al-Hira akamchore Amr ameketi, amesimama, amepanda farasi na akiwa na silaha, ili amtambue kwa hali yoyote. Alilinda mlango wa mbele kwa makini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Safari ya mwisho Qasir alirudi na msafara wa ngamia, kila ngamia na magunia mawili, kila gunia na mtu mwenye silaha, fundo likiwa ndani ili afungue mwenyewe. Malkia akawatazama kutoka juu, akaona ngamia wanatembea polepole mno, akasema kwa shairi: ngamia hawa wana nini, wamebeba mawe au chuma? Kuna kipande kingine ambacho waandishi wenye haya hukiruka. Ngamia wa mwisho alipopita langoni, bawabu, Mnabati, yaani msema Kiaramu, alidunga gunia kwa fimbo yake. Ikampata mtu wa ndani ubavuni, naye akajamba. Bawabu akapiga kelele kwa lugha yake kwamba magunia yana shari. Alikuwa amechelewa.

Al-Zabba akakimbilia njia yake ya siri. Amr alikuwa amesimama mlangoni pake, naye akamtambua kwa zile picha. Malkia alikuwa na pete yenye sumu, akainyonya na kusema: kwa mkono wangu, si kwa mkono wa Amr. Amr akammalizia kwa upanga, kisha akarudi Iraq.

Al-Zabba ndiye Zenobia wa Palmyra?

Kwa sehemu, ndiyo. Zenobia, malkia aliyeiasi Rumi, aliitwa kwa Kiaramu Bat-Zabbai, na mji wake, Palmyra, ambao Waarabu huuita Tadmur, ulikuwa tajiri kwa misafara kati ya Frati na Shamu. Mumewe Odaenathus aliuawa mwaka 267. Akatawala kwa jina la mwanawe Vaballathus, jeshi lake likaichukua Misri mwaka 270. Kaisari Aurelian akamshinda mwaka 272, akamkamata akikimbilia Frati, na Palmyra ilipoasi tena mwaka 273 ikaporwa.

Hakuna mwandishi wa Kirumi anayemtaja Amr bin Adi wala magunia. Wengi wao wanasema Zenobia alifikishwa Rumi na kuonyeshwa katika maandamano ya ushindi ya Aurelian. Tena mji wa al-Zabba katika simulizi za Kiarabu uko juu ya Frati, wakati Palmyra iko katikati ya jangwa, mbali na mto.

Linaloelekea kuwa kweli ni kwamba Tanukh na Palmyra walikuwa mahasimu waliogombea njia zilezile za jangwani, na Palmyra ilipoanguka, al-Hira ilifaidika. Wasimuliaji wa al-Hira wakauchukua ushindi wa Aurelian, wakampa mtu wao. Sioni ajabu. Ukoo ulioinuka juu ya magofu ya mwingine hupenda kusema ndio ulioyabomoa.

Kama hizo ni simulizi, tunajuaje kwamba Amr mwenyewe alikuwepo?

Mwaka 293 Narseh, mwana wa Shapur wa kwanza, alimpindua mjukuu wa ndugu yake na kutwaa ufalme wa Uajemi. Akajenga mnara mahali paitwapo Paikuli, leo katika Kurdistan ya Iraq, na juu yake akachonga kwa lugha mbili, Kiajemi cha kati na Kiparthi, jinsi alivyopata kiti na nani walimkubali. Katika orodha hiyo yumo Amru, mfalme wa Walakhmi.

Ushahidi wa pili unatoka Misri. Katika mafunjo ya Kikopti ya wafuasi wa Mani, nabii wa Babeli aliyefia gerezani katika miaka ya 270, anatajwa mfalme Amaro aliyewatetea wafuasi hao mbele ya Narseh walipokuwa wakiteswa. Wanahistoria wengi humwona kuwa ni Amr wetu huyu.

Si mengi: jina, cheo, na tendo moja la hisani. Lakini yameandikwa na watu wa zama zake ambao hawakuwa na sababu ya kumtukuza, na yanamwonyesha mtu ambaye simulizi hazimjui. Kwenye simulizi Amr karibu hafanyi lolote. Qasir ndiye anayefikiri, anayeumia na anayepanga. Kwenye mawe na mafunjo ni mfalme ambaye Shahanshah, mfalme wa wafalme wa Uajemi, anaona faida kumtaja, na ambaye watu wa dini iliyopigwa vita wanamkimbilia kwa sababu ana sauti mbele ya Mwajemi.

Kwa nini al-Hira?

Ilikuwa mahali pafaapo kwa mtu mwenye mguu mmoja jangwani na mmoja shambani. Upande wa mashariki kulikuwa na mifereji ya Frati, mitende na nafaka. Magharibi jangwa lilianza moja kwa moja, na malisho ya ngamia. Hewa yake ilisifiwa kuwa kavu na safi kuliko ya mabwawa ya mtoni. Ctesiphon, mji mkuu wa Wasasani, haukuwa mbali, lakini haukuwa karibu kiasi cha kumnyima mfalme wa Kiarabu nafasi ya kupumua. Al-Tabari anasema Amr ndiye mfalme wa kwanza wa Kiarabu kuifanya al-Hira makao yake, na wa kwanza kutukuzwa katika vitabu vya watu wa mji huo. Vitabu hivyo vilihifadhiwa makanisani, na Hisham bin al-Kalbi, mwanzoni mwa karne ya 9, alisema alitoa humo habari za nasaba na miaka ya wafalme.

Alikuwa kibaraka wa Waajemi?

Neno hilo ni zito kuliko hali yenyewe. Wasasani walihitaji mtu wa kuwazuia mabedui wasivamie mashamba ya Iraq na wa kuwasumbua Warumi na washirika wao upande wa Shamu. Yeye alihitaji fedha, cheo na mgongo wa kuegemea. Palmyra ilikuwa imejaribu kusimama peke yake kati ya dola mbili, ikasagwa. Hatra, mji mwingine wa Kiarabu kaskazini mwa Iraq, ulikuwa umeangushwa na Waajemi karibu mwaka 240. Mtu aliyeyajua hayo yote mawili asingehitaji mshauri wa kumweleza kwamba ni lazima achague upande.

Dini yake ilikuwa ipi?

Kwa simulizi, watu wa nyumba yake waliabudu masanamu, na huenda naye pia. Kuwatetea wafuasi wa Mani hakumfanyi kuwa mmoja wao. Ukristo ulikuja kuwa na nguvu al-Hira baadaye, ingawa mfalme wa mwisho wa ukoo, al-Numan wa tatu, ndiye ambaye ubatizo wake haubishaniwi.

Nani alimrithi?

Mwanawe Imru al-Qays, na hapa tunapata jiwe mashuhuri kuliko yote. Mwaka 1901 Wafaransa wawili, René Dussaud na Frédéric Macler, walilikuta Namara, kusini mashariki mwa Damascus. Ni jiwe jeusi la volkano lenye mistari mitano: herufi za Kinabati, lugha ya Kiarabu. Linasema hili ni kaburi la Imru al-Qays bin Amr, mfalme wa Waarabu wote, linataja vita vyake hadi Najran na makabila aliyoyatiisha, na kwamba hakuna mfalme aliyefikia alipofikia yeye. Tarehe ya kifo kwa kalenda yetu ni 7 Desemba 328.

Wengi humwona mfalme huyu kuwa mtoto wa Amr wa al-Hira. Kinachosumbua vichwa ni mahali: Namara ilikuwa ndani ya himaya ya Rumi. Mtoto wa rafiki wa Narseh alifikaje kuzikwa huko? Huenda alihama upande wakati Shapur wa pili, aliyeanza kutawala akiwa mchanga mwaka 309, alipokua na kuwageukia Waarabu kwa ukali. Maneno ya mstari wa mwisho yanasomwa kwa namna zaidi ya moja, na kila usomaji una nadharia yake.

Huyu Imru al-Qays ndiye yule mshairi?

Hapana. Mshairi ni wa kabila la Kinda na aliishi karne ya 6.

Ukoo wake ulidumu hadi lini?

Hadi karibu 602, Khosrow wa pili, mfalme wa Uajemi, alipomuua al-Numan wa tatu na kuweka mtu mwingine badala ya Bani Nasr. Kilele chao kilikuwa chini ya al-Mundhir wa tatu, aliyewatia Warumi hofu kwa miaka karibu hamsini hadi alipouawa mwaka 554 akipigana na al-Harith bin Jabala wa Ghassan, ukoo wa Kiarabu ulioshirikiana na Warumi. Katika baraza lao walipita washairi kama Tarafa na al-Nabigha al-Dhubyani.

Kumuua al-Numan kuliwagharimu Waajemi. Muda mfupi baadaye makabila ya Kiarabu yaliwashinda mahali paitwapo Dhi Qar, na mwaka 633 Khalid bin al-Walid alipofika al-Hira mji ulisalimu amri kwa mkataba.

Bani Nasr hawa ndio waliojenga kasri la Alhambra huko Granada, Uhispania?

Sio. Wale wa Granada walijinasibisha na Khazraj wa Madina. Waliodai kutokana na Lakhm ni Bani Abbad, waliotawala Sevilla kati ya 1023 na 1091.

Kuna uhusiano wowote na Oman au pwani ya Waswahili?

Upo, kupitia kwa mjomba. Nasaba moja anayoitoa al-Tabari inamfanya Jadhima kuwa mwana wa Malik bin Fahm wa kabila la Azd. Kwa Waomani, Malik bin Fahm ndiye aliyewaongoza Azd kutoka Yemen hadi Oman, akashukia Qalhat na kuwapiga Waajemi Salut, bara huko upande wa Nizwa. Ndiye pia anayesimuliwa kuwa aliuawa kwa mshale na mwanawe Salima, aliyekuwa akimfundisha kulenga shabaha, na kabla ya kufa akasema ule ubeti mashuhuri: namfundisha kurusha kila siku, mkono wake ulipokaza alinirusha mimi.

Wanabahani waliotawala Pate na Mabusaidi waliotawala Zanzibar wote huhesabiwa kuwa Azd, kwa hiyo katika nasaba hizo Jadhima ni ndugu wa mbali sana wa watu waliozikwa katika visiwa vyetu. Tahadhari mbili. Wanasaba wengine humweka Malik wa Tanukh katika kabila la Qudaa, mtu mwingine kabisa mwenye jina lilelile. Na Amr kwa baba ni Lakhm. Azd ni wajomba zake. Anayetaka kumweka kwenye shajara ya ukoo wake wa Kiomani amweke tawi la pembeni.

Nikitaka kuona kitu cha zama zake, niende wapi?

Jiwe la Namara liko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Magofu ya Umm al-Jimal yako wazi kwa wageni, safari fupi kutoka Amman. Mnara wa Paikuli umebomoka, na vipande vyenye maandishi vimehifadhiwa katika makumbusho ya Sulaymaniyah. Al-Hira yenyewe ni vilima vya udongo na misingi ya makanisa iliyotawanyika karibu na uwanja wa ndege wa Najaf. Nyingi ya kuta zilizochimbuliwa huko ni za karne za baadaye, na matofali mengi ya mji yalikwisha kuchukuliwa zamani kujengea Kufa.